Picha ya Galaksi ni Hati, si Pambo

Nuru ya galaksi ya Andromeda inayoingia katika lenzi usiku wa leo ilianza safari yake yapata miaka milioni 2.5 iliyopita. Ilipoondoka huko, wale walioacha nyayo zao katika majivu ya volkeno ya Laetoli walikuwa wamekwisha kupita zamani sana, na yule ambaye fuvu lake lilifukuliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwezi wa Julai 1959 alikuwa bado hajazaliwa. Nuru hiyo kongwe haihitaji kioo cha upana wa mita nyingi ili ipokelewe. Kamera ya kawaida, lenzi ya kiasi, mahali penye giza na subira ya saa chache vyatosha kuonyesha kitovu chake cheupe, mikono yake iliyojikunja, na michirizi ya vumbi inayopita kati ya mikono hiyo.

Ndiyo sababu kazi ya kupiga picha za galaksi imeenea duniani miongoni mwa wanafalaki wa ridhaa, yaani watu wanaoichunguza anga kwa mapenzi yao bila ya kuajiriwa kwa kazi hiyo. Katika Afrika ya Mashariki kazi hii bado ni ya wachache, na kila inapotajwa huzuka swali moja: picha hizi ni za nini? Wengi hujibu kwamba zinapendeza macho na kuikumbusha akili ukubwa wa ulimwengu. Jibu hilo si baya, lakini ni dogo mno. Picha ya galaksi iliyopigwa kwa utaratibu, ikahifadhiwa pamoja na tarehe, saa na mahali ilipopigwa, ni hati ya kisayansi ambayo mtaalamu wa nchi yoyote anaweza kuitumia. Ikikosa mambo hayo ni pambo la ukutani, hata ikiwa nzuri namna gani. Tofauti hii yafaa kufundishwa katika shule na vyama vya sayansi kabla ya mtu yeyote kufikiria kununua darubini ghali.

Wakazi wa pwani wanaijua tofauti hiyo kwa njia nyingine. Mwezi unapoandama, shahidi hapokelewi kwa kuwa amesema mwezi ulikuwa mzuri. Huulizwa aliuona wapi, wakati gani, upande gani wa anga, na kama kulikuwa na mawingu. Akishindwa kujibu, ushahidi wake huwekwa kando kwa heshima. Sayansi ya galaksi nayo huwauliza mashahidi wake maswali hayo hayo.

FUNZO LA MWAKA 1987

Mfano ulio bora wa jambo hili ulitokea katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na yetu, umbali wa miaka ya nuru inayozidi 160,000. Tarehe 24 Februari 1987 Ian Shelton, akiwa Las Campanas nchini Chile, alisafisha bamba la picha alilolipiga kwa darubini ndogo ya lenzi ya sentimita 25, akaona juu yake nyota ambayo haikuwapo hapo awali. Siku hiyo hiyo Albert Jones, mwanafalaki wa ridhaa wa New Zealand, aliiona nyota hiyo pia. Ilikuwa supanova, yaani nyota kubwa iliyolipuka mwishoni mwa maisha yake, na ndiyo iliyokuwa angavu kuliko zote zilizoonekana duniani tangu mwaka 1604. Watu waliweza kuitazama kwa macho matupu.

Baada ya furaha ya ugunduzi likaja swali gumu. Je, mlipuko huo ulianza saa ngapi hasa? Mitambo iliyofukiwa chini ya ardhi nchini Japani na Marekani ilikuwa imenasa chembe za nyutrino tarehe 23 Februari, saa 7 na dakika 35 kwa saa ya ulimwengu, nayo ni saa ya Greenwich. Chembe hizo hutoka moyoni mwa nyota wakati ule ule inapoanguka ndani yake. Nuru hufuata baadaye, kwa sababu mshindo wa mlipuko hauna budi kwanza kusafiri hadi kwenye ngozi ya nyota. Muda kati ya nyutrino na nuru ungeonyesha ukubwa wa nyota iliyolipuka.

Jibu lilipatikana kwa watu wawili ambao hawakujua kuwa walikuwa wanaandika historia. Jones alikuwa ameitazama sehemu hiyo ya anga karibu saa mbili baada ya nyutrino kunaswa, akaandika kwamba hakuona kitu kipya. Naye Robert McNaught huko Australia alikuwa amepiga picha ya sehemu hiyo yapata saa moja baada ya Jones, lakini hakuitazama usiku ule. Habari ziliposambaa aliitoa picha yake, na supanova ilikuwamo, ikiwa tayari imeng'aa. Basi nuru ilikuwa imechomoza katika muda wa saa tatu tu tangu nyutrino zilipotoka. Muda mfupi namna hiyo ulikubaliana na nyota ya buluu iliyoshikamana, wala si jitu jekundu lililovimba ambalo wataalamu wengi walilitarajia. Mabamba ya miaka ya nyuma yalithibitisha jambo hilo, kwani mahali pa mlipuko yalionyesha nyota ya buluu iliyokuwa imekwisha kuorodheshwa.

Katika kisa hiki ushahidi wa Jones ulikuwa ni wa kutoona kitu, na ushahidi wa McNaught ulikuwa picha ambayo haikuwa imetazamwa. Vyote viwili vilipata thamani yake kwa sababu ya saa iliyoandikwa kando. Hakuna aliyeuliza kama picha ile ilikuwa ya kupendeza.

MCHANGO WA WATU WA RIDHAA

Huenda mtu akadhani kwamba mambo hayo yalikuwa ya zamani, na kwamba leo mashine zimechukua kila kitu. Taarifa za miaka ya karibuni zinaonyesha vingine.

Tarehe 20 Septemba 2016 Víctor Buso, fundi wa makufuli wa mji wa Rosario nchini Argentina, alikuwa nyumbani kwake akiijaribu kamera mpya kwenye darubini yake ya kioo cha sentimita 40. Aliielekeza kwenye galaksi NGC 613 kwa kuwa wakati huo ilikuwa juu kabisa, akapiga picha nyingi za sekunde 20 kila moja. Katika zile za kwanza hapakuwa na jambo jipya. Katika zile za baadaye kulikuwa na nukta ndogo, nayo ilizidi kung'aa dakika baada ya dakika. Buso alikuwa ameinasa nuru ya kwanza ya supanova ikivunja ngozi ya nyota, jambo ambalo wataalamu walikuwa wamelingojea kwa miaka mingi. Uchambuzi wa picha zake ulichapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature, jina lake likiwa miongoni mwa waandishi. Picha zile za mwanzo zilizokuwa tupu zilikuwa na thamani sawa na zile zilizokuwa na nyota, kwa maana ndizo zilizoonyesha mlipuko ulianza lini.

Mwezi wa Januari 2014, mwalimu na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha London walikuwa katika somo la kutumia darubini ya sentimita 35, katika mji wenye taa nyingi, huku mawingu yakikaribia kuifunika anga. Kwa kuwa muda ulikuwa mfupi walichagua galaksi iliyo angavu, M82. Wakaona ina nyota isiyopaswa kuwapo. Hiyo ilikuwa supanova iliyokuwa karibu kuliko nyingi za aina yake katika miongo iliyotangulia, na iligunduliwa darasani.

Kazi ya watu wa ridhaa haikomi kwenye milipuko. Mwaka 2008 picha za R. Jay GaBany wa Marekani, zilizopigwa kwa darubini ya kioo cha nusu mita, zilionyesha vitanzi vya nyota hafifu vinavyoizunguka galaksi NGC 5907, navyo ni mabaki ya galaksi ndogo iliyoraruliwa na ile kubwa. Mwaka 2023 kikundi cha wanafalaki wa ridhaa wa Ujerumani na Ufaransa kilitangaza kwamba kimeona utao mkubwa wa gesi ya oksijeni kando ya Andromeda yenyewe, galaksi ambayo imepigwa picha kuliko karibu zote nyingine. Walikuwa wameikusanya nuru yake kwa zaidi ya saa 100. Darubini kubwa za dunia hazikuwa zimeuona utao huo, kwa sababu huangalia vipande vidogo vya anga kwa muda mfupi. Hata wataalamu wa vyuo vikuu wamejifunza kutoka kwao. Mtambo uitwao Dragonfly, ulioanza kutoa matokeo yake mwaka 2014, umetengenezwa kwa kuunganisha lenzi za kamera zinazouzwa madukani, nao ndio uliofumbua galaksi nyingi hafifu katika fungu la Coma.

NURU CHACHE NA SUBIRA NYINGI

Inafaa kueleza kwa nini vyombo vidogo vimeweza kufanya mambo hayo. Mwaka 1888 Isaac Roberts, mjenzi na mfanyabiashara wa Uingereza ambaye naye alikuwa mtu wa ridhaa, alipiga picha ya Andromeda iliyoonyesha kwa mara ya kwanza umbo lake la kujikunja. Alitumia kioo cha inchi 20, akaliacha bamba lipokee nuru kwa saa nne, akilisahihisha kila mara ili nyota zisiburuzike. Bamba lake, kama filamu zilizolifuata, lilipoteza sehemu kubwa mno ya nuru iliyolifikia. Kamera za leo hutumia kipande cha silikoni kinachobadili nuru kuwa umeme, nacho hunasa zaidi ya nusu ya nuru inayokifikia.

Isitoshe, si lazima tena kuiacha lenzi wazi kwa saa nne mfululizo. Picha nyingi fupi hujumlishwa kwa kompyuta. Nuru ya galaksi huongezeka kwa kadiri ya idadi ya picha, lakini chengachenga za kamera huongezeka kwa kipeuo cha pili cha idadi hiyo tu. Kwa hiyo anayejumlisha picha 100 hupata picha iliyo safi mara 10 kuliko moja. Hesabu hii yaweza kufundishwa katika kidato cha pili, na mwanafunzi akaiona ikitimia mbele ya macho yake.

Joto ni adui katika kazi hii. Usiku wa Dar es Salaam au Mombasa kipande cha silikoni hutoa chengachenga nyingi kuliko usiku wa baridi wa Iringa au Nanyuki, na unyevu wa bahari huikungia lenzi. Dawa ya chengachenga za joto ni kupiga picha kadhaa huku lenzi imefunikwa, kwa muda ule ule na katika joto lile lile, kisha kuzitoa katika picha za galaksi. Picha hizo za giza nazo ni sehemu ya hati, na zinapaswa kuhifadhiwa.

MBAO MBILI NA BOLTI MOJA

Kikwazo kikubwa ni kuzunguka kwa dunia. Anga huonekana kusogea digrii 15 kila saa, na lenzi isiyoifuata hutoa mistari badala ya nukta. Lakini mtu anaweza kuanza bila mtambo wowote. Wingu Kubwa la Magellan liko karibu na ncha ya kusini ya anga, ambako nyota husogea polepole, kiasi cha theluthi moja tu ya mwendo wa nyota zilizo juu ya Ikweta. Lenzi ya milimita 50 iliyowekwa juu ya kiweko cha miguu mitatu yaweza kuachwa wazi kwa sekunde 20 au zaidi kidogo. Galaksi hiyo ina upana angani unaokaribia mara 20 ya ule wa Mwezi, kwa hiyo haihitaji kukuzwa.

Anayetaka kwenda mbele zaidi amwendee fundi seremala. Mbao mbili ziunganishwe kwa bawaba upande mmoja, na bolti ya milimita 6 ipitishwe kwenye ubao wa chini ili iusukume ule wa juu, unaobeba kamera. Bolti ya namna hiyo husogea milimita 1 kwa kila mzunguko. Ikiwa umbali wake kutoka kwenye bawaba ni milimita 229, kuizungusha mara moja kwa dakika kutaufanya ubao uifuate anga. Kosa dogo huzidi kadiri ubao unavyoinuka, kwa hiyo baada ya dakika chache bolti hurudishwa mwanzo na kazi ikaanza upya. Kwa lenzi fupi chombo hiki kinatosha.

Bawaba yapasa ielekee kwenye ncha ya anga. Hapa vitabu vya Ulaya havimsaidii sana msomaji wa nchi za Ikweta, kwani humwambia aitafute Nyota ya Kaskazini, ambayo Dar es Salaam haionekani kamwe. Mjini Kampala bawaba hulazwa karibu sawasawa na ardhi, ikielekea kaskazini na kusini. Mjini Dodoma ncha yake ya kusini huinuliwa digrii 6 hivi. Baada ya hapo mpigaji picha huangalia nyota zinaburuzikia upande gani, akasahihisha kidogo kidogo hadi zitulie. Ni kazi ya subira, nayo humfundisha mtu jiometri ya dunia kuliko mchoro wa ubaoni.

ANGA LA PANDE MBILI

Nchi za Ikweta zina bahati ambayo haijatumiwa ipasavyo. Mkazi wa London hawezi kuliona Wingu Kubwa la Magellan maishani mwake akibaki kwao, kwa maana halichomozi huko. Mkazi wa Sydney naye haioni M82. Mkazi wa Dodoma huona yote mawili. Mwanzoni mwa Oktoba, muda mfupi baada ya saa sita ya usiku, galaksi tatu huvuka mstari wa kaskazini na kusini kwa wakati mmoja: Andromeda upande wa kaskazini, kwenye kimo cha digrii 42 hivi, NGC 253 karibu na utosi, digrii 71, na Wingu Dogo la Magellan upande wa kusini, digrii 23. Katika miezi ya Juni na Julai, masika ikiwa imekwisha na anga ya bara ikiwa safi, Centaurus A na M83 huonekana vizuri tangu giza linapoingia.

Galaksi hizo tano, pamoja na Wingu Kubwa, zinatosha kuwa mpango wa kazi wa shule au chama. Kila moja ipigwe picha mara moja kwa juma katika msimu wake, kwa lenzi ile ile, na picha zihifadhiwe. Ni dhahiri kwamba juma nyingi zitapita bila ya jambo jipya kuonekana. Lakini kama kisa cha Jones kinavyoonyesha, usiku usio na jambo ni sehemu ya ushahidi.

SAA IPI?

Kuna kosa moja ambalo wachunguzi wa Afrika ya Mashariki wana hatari ya kulifanya kuliko wengine, nalo latokana na saa. Anayesema kwa Kiswahili kwamba amepiga picha saa nne usiku, saa ya kamera yake yaweza kuandika 22, na saa ya ulimwengu ni 19. Hizo ni hesabu tatu za dakika moja. Anayepiga picha saa nane usiku wa kuamkia tarehe 6, kwa saa ya ulimwengu amepiga saa 23 ya tarehe 5. Daftari likiandikwa bila ya kutaja saa ipi inatumika, miaka kumi baadaye hakuna atakayeweza kusema kama picha ilitangulia mlipuko au ilifuata. Kanuni iwe moja, kwamba kila picha iandikwe saa ya ulimwengu, na saa ya kamera ilinganishwe na saa ya redio au ya simu kila usiku kabla ya kazi kuanza.

Kanuni ya pili ni kuihifadhi picha ghafi kama ilivyotoka katika kamera. Baadhi ya programu za siku hizi husafisha picha kwa kubahatisha, zikiongeza mistari na nukta ambazo kompyuta inadhani zingekuwapo. Picha iliyotengenezwa hivyo yaweza kushinda mashindano ya urembo, lakini haiwezi kuitwa shahidi. Mwenye kupenda kuipamba apambe nakala, na asili yake ibaki bila kuguswa.

HOJA ZA WANAOPINGA

Zipo hoja mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba mashine zimekwisha kuichukua kazi hii. Mitambo inayojiendesha huipiga anga picha kila usiku, na darubini ya Vera Rubin nchini Chile, iliyotoa picha zake za kwanza mwezi wa Juni 2025, ina kioo cha upana wa mita 8.4. Ni kweli kwamba mitambo hiyo itagundua supanova nyingi kuliko watu wote wa ridhaa wakijumlishwa. Lakini darubini kubwa hupofushwa na nyota angavu, na milipuko iliyo jirani ndiyo yenye nuru nyingi. Tena Chile ikiwa mchana, kwa saa kadhaa Afrika ya Mashariki huwa tayari usiku. Na penye mawingu, mtambo wa thamani kubwa na kamera ya mwanafunzi ni sawa. Mtandao wa macho mengi yaliyotawanyika hauwezi kufidiwa na jicho moja kubwa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Husemwa kwamba nchi yenye upungufu wa maabara, madawa na madawati haina haki ya kushughulika na galaksi. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama kazi yenyewe ingehitaji fedha za maabara hizo. Haihitaji. Inahitaji kamera moja inayotumiwa na shule nzima, mbao, bolti, daftari na mwalimu aliye tayari kukesha. Inachofundisha ni kupima, kuandika, kutunza kumbukumbu na kutosema zaidi ya kilichoonekana, nayo ni maarifa yale yale yanayotakiwa katika zahanati, katika kituo cha hali ya hewa na katika shamba la majaribio. Mkulima aliyeipa Kilimia jina lake kwa sababu ya kulima hakuiona anga kuwa anasa.

Kuna historia moja ya kukumbukwa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani peke yake, na kwa heshima ya siku hiyo iliitwa Uhuru. Ndiyo iliyoonyesha kwamba mafungu ya galaksi yanatoa eksirei kutoka eneo lake lote, na baadaye ikafahamika kwamba yamejaa gesi yenye joto kali. Jina la Kiswahili liliingia katika vitabu vya elimu ya galaksi, lakini taarifa zake zilisomwa na kufasiriwa ng'ambo. Kizazi cha leo kina uwezo wa kusoma taarifa zake chenyewe, kwa vyombo vinavyobebwa mkononi.

GIZA NI MALI

Lakini uwezo huo una muda wake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Science, uliotokana na macho ya maelfu ya watu wa ridhaa, ulionyesha kwamba kati ya mwaka 2011 na 2022 anga ya usiku ilizidi kung'aa kwa taa za binadamu kwa karibu asilimia 10 kila mwaka. Kwa mwendo huo mng'ao huongezeka maradufu kabla ya miaka minane kutimia. Taarifa nyingi zilitoka Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Afrika ilichangia chache mno. Maana yake ni kwamba anga ya Afrika inaweza kupotea bila ya kuwapo hata kumbukumbu ya jinsi ilivyokuwa.

Hakuna anayeweza kusema kwamba vijiji vinyimwe umeme ili wachache wapige picha. Taa ni usalama, ni masomo ya jioni na ni biashara. Lakini taa inayomulika juu haimsaidii mpita njia hata kidogo. Huwaangazia popo, na gharama yake hulipwa na mwananchi. Taa iliyofunikwa juu, ikaelekezwa chini na kuzimwa isipohitajiwa, humulika barabara vizuri zaidi kwa umeme mchache. Halmashauri zinazoweka taa mpya sasa zina nafasi ya kufanya hivyo tangu mwanzo, badala ya kungoja na kubomoa baadaye kwa gharama kubwa. Na picha za galaksi zilizopigwa kutoka mahali pamoja mwaka hadi mwaka ndizo zitakazoonyesha kama jambo hilo limefanikiwa, kwani katika kila picha mng'ao wa anga nao huandikwa, apende asipende mpigaji.

Basi haifai kungoja darubini kubwa ya taifa ndipo kazi ianze. Shule zilizo mbali na miji, ambazo kwa mambo mengi zimeachwa nyuma, katika jambo hili zimetangulia, kwa maana zina giza ambalo vyuo vikuu vya miji mikubwa haviwezi kulinunua. Baraza la sayansi, vyuo vya ualimu na vyama vya wanafunzi vinaweza kukubaliana juu ya galaksi chache, lenzi ya aina moja, saa ya ulimwengu na mahali pa kuhifadhi picha ghafi. Supanova nyingine itaonekana katika galaksi za jirani. Hakuna ajuaye mwaka wala mwezi. Siku hiyo wataalamu watauliza nani aliyekuwa akiitazama galaksi hiyo saa chache kabla. Jibu litakuwa katika daftari la mtu aliyekesha, kama daftari hilo litakuwapo.